Jina la Babu, mjini Aachen

Babu yangu aliitwa Karoli. Kwetu Bukoba kina Karoli hawahesabiki, kwa heshima ya Mtakatifu Karoli Lwanga aliyechomwa moto Namugongo, Uganda, mwaka 1886. Nilikua nikiamini ni jina la Kiganda. Kwa hiyo nilipojaliwa safari ya Ujerumani, siku yangu ya mapumziko niliitoa kwa ajili ya jina hilo.

Kutoka Köln, treni ilichukua karibu saa nzima. Aachen yenyewe, ukikaribia chemchemi zake za maji moto, hunuka kama yai viza. Maji hayo ndiyo aliyoyapenda Karl Mkuu, mfalme wa Wafaranki, akajenga kasri na kanisa hapa, na hapa akafa Januari 28, 814. Karl ndilo Karoli letu. Limetufikia kupitia Kilatini cha Kanisa, Carolus.

Huruhusiwi kupanda kwenye kiti chake cha enzi bila mwongozaji. Wetu alikuwa mama mmoja mpole. Nilimwuliza jina lina maana gani.

"Mwanamume," akasema. "Basi."

Nilisisimka. Katika Kijerumani cha kale lilikuwa neno la kawaida tu, mwanamume au mume wa mtu. Kwingine lilimtaja mtu huru asiye wa ukoo wa kitawala, yaani mwungwana wa kawaida. Neno ndugu yake, Kerl, bado liko mitaani, jamaa yeyote huitwa hivyo. Lakini kwa ajili ya mtu mmoja neno hilo likawa cheo: Wapolandi humwita mfalme król, Wacheki král, Wahungaria király. Ni kama Kaisari, lililokuwa jina la mtu kwanza.

Kiti nacho hakina dhahabu. Ni mabamba ya marumaru juu ya ngazi sita, ingawa wafalme wa Ujerumani zaidi ya 30 walitawazwa katika kanisa hili, tangu Otto mwaka 936 hadi 1531. Niliinama ubavuni. Bamba limechorwa mistari, miraba ndani ya miraba: ubao wa mchezo wa kete, uliokwaruzwa na watu waliokuwa wakipitisha muda.

Babu alikuwa na bao lake, mashimo aliyoyachimba mwambani nyuma ya nyumba. Jioni nilimtumia baba picha ya bamba lile. Akajibu kwamba mashimo bado yapo, na kwamba mvua ya asubuhi imeyajaza maji.