Kitambaa hiki kinataka wimbo mmoja zaidi

Mikono yangu bado inanuka kondoo. Nimeinawa mara tatu kwa sabuni na mara ya nne kwa ndimu, kama mtu aliyetoka kuparua samaki, na bado nikiinua kikombe cha chai harufu inanijia. Ni sufu iliyolowa. Basi nimeiacha, nimekaa kuandika.

Leo nilikwenda kwenye ukumbi wa mtaa, dakika kumi kwa miguu kutoka ninapokaa hapa Glasgow, kujifunza kazi ambayo Wagaeli, wenyeji wa visiwa na nyanda za juu za Uskoti, huiita luadh, yaani kukaza kitambaa cha sufu kwa kukigonga. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, sita upande huu wa meza ya mbao na sita upande wa pili, na katikati yetu kitambaa kizito cha sufu kilichoshonwa ncha kwa ncha kikawa mduara. Unakishika kwa mikono miwili, unakigonga mezani, unakivuta kifuani, unakigonga tena, kisha unamsukumia jirani wa kushoto. Ni kushoto tu, kwa kulifuata jua. Nilikosea mara mbili nikapeleka kulia, na bibi aliyekuwa akituongoza akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa na nyanya yangu nikipokea kitu kwa mkono usio wake.

Kitambaa kikitoka kwenye mtambo wa kufumia huwa kimelegea, upepo unapita. Kukigonga kikiwa kimelowa kunakifanya kirudi na kushikana, hadi kiweze kusimama mbele ya mvua ya visiwa vya Hebrides, na mvua ya kule haina mzaha. Zamani kilirowekwa kwenye mkojo uliokaa siku nyingi ukachacha, maana ile amonia hukata mafuta ya sufu na kuishikisha rangi. Sisi tulipewa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nikamshukuru Mola wangu kimoyomoyo.

Sasa, kazi hiyo haifanyiki kimya. Mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia, na kiitikio hakina maneno yenye maana. Ni hi ri, ho ro, na mengine ya namna hiyo, lakini kila wimbo una mpangilio wake wa silabi na ukiuchanganya unajulikana papo hapo. Anayetoa anahadithia: mashua iliyozama, kijana aliyeoa kwingine, kabila lililoshinda vita, mchumba aliyesifiwa kupita kiasi. Baadhi ya nyimbo hizi zina umri wa miaka zaidi ya 300, na nyingi zilitungwa na wanawake ambao hakuna aliyeyaandika majina yao. Mwisho wa kazi hufuata nyimbo za utani, wasichana wasioolewa wakitajiwa wavulana mmoja mmoja, na anayetajiwa asiyempenda anamkataa kwa wimbo. Nilicheka peke yangu. Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa. Wimbo wa kumsema mtu akiwa amekaa hapo hapo hauhitaji mkalimani.

Bibi yule anatoka South Uist, kimoja cha visiwa hivyo vya Hebrides, amepita miaka themanini. Wenzangu wote walimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo ada ya huku. Mimi ulimi ulikataa. Nikawa nasema "samahani" tu kila nilipotaka kumwita, na moyoni namwita Nyanya. Alitueleza kwamba haifai kuimba wimbo mmoja mara mbili kwa kitambaa kile kile, ni mkosi. Na kitambaa hakipimwi kwa saa. Alikishika, akakipima upana kwa kidole chake cha kati, akatikisa kichwa: kinataka wimbo mmoja zaidi. Tukaimba mmoja zaidi. Akapima tena. Bado.

Nataka kukiri jambo hapa. Nina mwaka wa nne Uskoti, na kwa miaka mitatu yote nilidhani muziki wa nchi hii ni yule bwana wa Buchanan Street mwenye sketi na zumari yake ya mfuko. Nikitoka kazini zamu ya usiku, kichwa kizito, namkuta kasimama karibu na kituo changu cha basi akipuliza. Ile sauti haina mlango wala dirisha. Haipandi, haishuki kwa ukubwa, haipumui. Nilikuwa navuka barabara kumkwepa.

Kumbe kutopumua kwake ndiyo siri yenyewe. Zumari ile kubwa ya nyanda za juu ina noti tisa tu, na upepo wa mfuko haukatiki, kwa hiyo mpigaji hawezi kunyamaza kati ya noti na noti wala kupiga moja kwa nguvu na nyingine polepole. Afanyeje? Anachomeka vinoti vidogo vya haraka, vidole vinapepesa kama mtu anayechambua mchele, na hivyo vinoti ndivyo vinavyotenganisha sauti na kuipa mkazo. Juu ya bega kuna mabomba matatu yanayolia sauti moja mwanzo hadi mwisho. Nilipojua hivyo nikaanza kumsikiliza vidole badala ya kelele, na siku moja nikakosa basi.

Wapigaji wenyewe hugawa muziki wao mara mbili: ceòl beag, muziki mdogo, yaani wa kuchezea na kupigia gwaride, na ceòl mòr, muziki mkubwa. Huo mkubwa ni mwendo mmoja wa taratibu unaowekwa wazi, halafu unarudiwa na kurudiwa, kila mara umeongezewa mapambo, hadi mwisho unarejea ulipoanzia. Ukoo wa MacCrimmon wa kisiwa cha Skye, waliokuwa wapigaji wa machifu wa MacLeod kule Dunvegan, ndio wanaotajwa zaidi. Walifundisha kwa mdomo, kwa silabi: mwalimu anaimba hiharin, mwanafunzi anajua ni vidole vipi. Wengi watakuambia pia kwamba baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, waasi wa nyanda za juu waliposhindwa, serikali ilipiga marufuku zumari. Sheria yenyewe ilikataza mavazi yao ya asili, zumari haikutajwa. Lakini hadithi nzuri haiachwi kirahisi, na sisi Waswahili tusiwacheke.

Sikufika kwenye kitambaa cha leo moja kwa moja. Nilianzia kwenye baa, na mimi sinywi. Jirani yangu wa ngazi moja anapiga kodiani. Nilipomwambia kwamba kwetu chombo hicho kipo kwenye taarabu, pamoja na fidla, akanikaribisha kwenye sesheni yao ya Alhamisi. Nikaenda, nikaagiza soda ya rangi ya chungwa wanayoipenda huku, inayoonja kama dawa ya kikohozi ya watoto, nikakaa kwenye kiti kizuri karibu na moto. Akaja mzee na fidla yake, akasimama. Akatabasamu. Akaendelea kusimama. Dakika nzima ilipita kabla sijaelewa kwamba nimekalia kiti cha mpigaji.

Sesheni si tamasha. Ni baraza. Hakuna jukwaa, hakuna anayetangaza. Mtu mmoja anaanza, wanaoujua wimbo wanaingia, wasioujua wanangoja. Muziki una sehemu mbili, kila moja hurudiwa, na baada ya kuuzungusha mara mbili au tatu mwanzishaji anainua nyusi kidogo, na wote wanarukia mwingine bila kupoteza pigo. Nyusi tu! Nilijaribu kukamata lini hasa wanabadilisha, nikashindwa. Jirani alinifundisha kutofautisha mwendo: jigi inakwenda kwa mapigo ya tatu tatu, rili inakimbia sawasawa, na strathspey, ambayo ni ya Waskoti wenyewe, ina kigugumizi, noti fupi kwanza halafu ndefu, kama mtu anayeruka dimbwi. Niel Gow, mpigaji fidla aliyefariki mwaka 1807, alisifika kwa mkono wake wa upinde kwenye strathspey. Mzee wa fidla aliponipigia moja nikaona ni kwa nini mkono wa kulia ndio unaozungumza.

Halafu mama mmoja akaanza kuimba peke yake, macho kafumba, bila chombo. Baa nzima ikanyamaza. Hata mwenye baa aliacha kuosha gilasi. Ilikuwa moja ya zile tenzi ndefu za Kiskoti, za ndugu kuua ndugu na maiti kuulizwa maswali. Beti ya saba au ya nane, simu yangu ikajifungua yenyewe ndani ya mkoba, na sauti ya shangazi ikatoka kwa nguvu zote, salamu kamili, ikifuatiwa na bei ya nazi sokoni Marikiti. Nilitamani sakafu inimeze. Mama yule hakufumbua macho. Alimaliza beti zake zote, akanywa funda moja, akaniuliza: huyo naye anaimba?

Usiku ule niliporudi nikaanza kusikiliza. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kitengo cha taaluma za Kiskoti, na watu wake wakaanza kuzunguka na mashine za kurekodi. Hamish Henderson, mmoja wao, alimkuta Aberdeen mwaka 1953 Jeannie Robertson, mwanamke wa jamii ya Wasafiri, watu wa kuhamahama waliodharauliwa na kufukuzwa kila walikopiga hema. Wataalamu walikuwa wakiamini zile tenzi kubwa zimekwisha kufa vinywani mwa watu. Jeannie alikuwa nazo jikoni kwake. Henderson akaenda pia Blairgowrie, ambako Wasafiri walikusanyika kuchuma matunda kiangazi, na akasema kurekodi pale ni kama kushika kopo chini ya maporomoko ya Niagara. Maelfu ya rekodi hizo sasa yako kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais, maana yake kisima cha urithi, na yeyote anaweza kuteka. Linalonikera ni hili: waliotunza hazina ya taifa ni wale wale ambao taifa halikutaka wapumzike kando ya barabara.

Na hapo ndipo nilipokutana na muziki wa Martyn Bennett. Kazaliwa Canada mwaka 1971, akakulia Uskoti, akapiga zumari na fidla na akasomea muziki wa Kizungu wa kitaaluma. Saratani ikamshika angali kijana, ikamwondolea nguvu za kupiga vyombo vyake, na kwa hasira akavivunja. Kilichobaki ni kompyuta na zile sauti za kale. Akachukua sauti za waimbaji wa Wasafiri, Sheila Stewart na Lizzie Higgins, binti wa Jeannie, pamoja na waimbaji wa Kigaeli, akawawekea ngoma nzito za disko chini yao bila kuwapunguzia hata mkwaruzo mmoja wa koo. Albamu hiyo, Grit, ilitoka mwaka 2003. Alifariki Januari 2005, ana miaka 33. Miaka kumi baadaye, Januari 2015, okestra nzima ilipiga kazi yake kufungua Celtic Connections, tamasha la hapa Glasgow linalofanyika kila Januari tangu 1994. Niliisikiliza Grit kwenye basi kwa mara ya kwanza, na kichwa kile kizito cha zamu ya usiku kikawa chepesi.

Wapo wanaolalamika kwamba mambo kama hayo ni kuuharibu muziki wa asili. Mimi naona walichelewa kulalamika. Ule wimbo wa kufunga mwaka, Auld Lang Syne, unaoimbwa dunia nzima watu wameshikana mikono, mshairi Robert Burns alisema aliuchukua kinywani mwa mzee mmoja, kisha akautengeneza. Na sauti tunayouimbia leo si ile uliyochapishwa nayo kwanza. Iliunganishwa nao na mchapishaji George Thomson mwaka 1799, Burns akiwa kaburini miaka mitatu. Bendi ya Runrig ya Skye walipoweka Kigaeli juu ya gitaa la umeme miaka ya 1970, Burns angewaelewa. Siku hizi namsikiliza zaidi Brìghde Chaimbeul, naye wa Skye, anayepiga zumari ndogo isiyopulizwa kwa mdomo bali kwa kiriba cha kiwiko. Hiyo haipigi kelele. Inavuma, kama nyuki ndani ya ukuta. Kama ungetaka kuanza, anza naye, usianzie kwenye kituo cha basi.

Kuna neno moja lilikuwa likinisumbua muda wote huu. Nyanya yangu Mombasa, akimwona mtu anajidai, alikuwa akisema: "Atembea kama Skochi." Sikuwahi kuuliza. Juzi nikasoma juu ya beni za pwani yetu, zile bendi za mashindano za enzi ya Waingereza, na kumbe Mombasa ilikuwa na pande mbili hasimu, Kingi na Skochi, na hao Skochi waliiga mavazi ya askari wa Uskoti, sketi na yote. Hawa hawa! Na wanawake wa ngoma ya lelemama nao walikuwa na pande zao.

Leo jioni, mikono ikinuka, nikamtumia mama ujumbe wa sauti. Nikamweleza kitambaa, nikamwimbia kiitikio, nikamwambia labda damu yetu ina Uskoti ndani yake, labda nyanya alikuwa Skochi na ndiyo maana nimeupenda muziki huu.

Jibu lake limeingia sasa hivi. Kwanza kicheko kirefu. Halafu: "Skochi? Nyanyako? Mwanangu, sisi ni Kingi. Skochi hawakukanyaga ukumbi wetu."