Rangi ya Viatu Hainidanganyi Tena

Baba alikuwa mchonga vinyago Changamwe. Utotoni kazi yangu ilikuwa kupiga msasa, kisha kupaka: unachukua mti mweupe, unaupaka rangi nyeusi ya viatu, unausugua kwa kitambaa, na mtalii anaondoka akiamini amebeba mpingo. Sijivunii. Ila elimu ile ilikuja kunifaa Pasifiki, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Nilikuwa mpishi kwenye meli za watalii. Kila tukitia nanga nilishuka kutafuta silaha za kuchonga, zile ambazo mababu wa Polinesia walipigania na wajukuu wao leo huwauzia wageni. Ninazo kumi na moja ukutani. Mama Mwende huziita "marungu yako", maana yake vumbi nifute mwenyewe.

Ya kwanza niliipata Honolulu: leiomano, kibao kilichopangwa meno ya papa ukingoni. Muuzaji wa kibanda aliapa ni koa, mti wa hukohuko Hawaii, kazi ya kisiwani. Usiku, melini, nikainusa. Rangi ya viatu! Nikaikwaruza kwa kisu: ndani nyeupe kama muhogo. Na yale meno yote yalikuwa na ufa mahali pamoja, kumbe yametoka kwenye kalibu. Ningemlaumu nani? Nimeitundika karibu na mlango wa choo.

Tangu siku hiyo pua hutangulia macho.

Taiaha yangu ya Auckland, silaha ndefu ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wageni hudhani ni mkuki. Ule ulimi uliotoka kinywani mwa kichwa cha mchongo, arero, ni kweli huchoma. Lakini pigo lenyewe hutoka upande wa pili, kwenye ubapa mrefu uitwao rau. Mwenye duka, Mmaori, aliniambia bila kuulizwa kwamba imechongwa kwa mashine, mwaka uleule, na bei ikawa ya mashine. Nilimpenda kwa hilo. Vitu vya jadi vya Wamaori vilivyozidi miaka 50 havitoki New Zealand bila kibali, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia "ya babu wa babu yangu" juu ya meza ya ufukweni, tabasamu upite.

Lakini iliyonishika moyo ni u'u ya visiwa vya Marquesas, vilivyo chini ya Ufaransa. Ni rungu refu, kimo cha kifuani hivi, na kichwa chake ni nyuso juu ya nyuso: macho mawili makubwa, na ndani ya kila mboni kijisura kingine kinakutazama. Juu kabisa pamepinda, shujaa akiegemeza kwapa. Zile za kale walizizamisha kwenye tope la mashamba ya majimbi, wakazing'arisha kwa mafuta ya nazi hadi zikawa nyeusi. Weusi wa halali huo, si wa kopo.

Nilikutana na fundi wake Taiohae, kisiwani Nuku Hiva, akichonga kwa grainda ya umeme, amejaa vumbi hadi kope. Nikaishika moja. Nzito kama chuma.

"Toa," akasema.

Kifaransa changu ni cha kuomba chumvi, basi akanyoosha kidole ufukweni. Mti mrefu, majani kama sindano, upepo unapiga mluzi ndani yake. Nikacheka peke yangu. Mvinje! Huuhuu tunaokata nguzo za kujengea kule Kilifi. Kwao neno toa ni mvinje, na ni shujaa pia. Kwetu ni boriti.

Ndefu ilinishinda bei. Nilichukua ya sentimita 60, nikailaza chini ya godoro safari nzima.

Nilipostaafu nilinunua gogo la mvinje nijaribu yangu. Nilitoa tezo la baba kwenye gunia, nikalinoa asubuhi nzima. Pigo la tatu likapata pengo. Mama Mwende alikuwa mlangoni, hakusema kitu, akaingia ndani kuniletea tupa.