Hesabu za Kombe la Elgon

Mjomba hakunipigia simu jioni ile Uganda ilipotushinda sisi Wakenya raga pale Kisumu. Mtu mwenye utu angepiga, akacheka, tukayamaliza. Yeye alinyamaza Jumamosi ile na Jumapili kutwa, halafu Jumatatu alfajiri, mswaki ungali mdomoni, simu ikatetema: 16-13. Basi. Hakuna salamu, hakuna kuulizia hali ya dada yake, yaani mama yangu. Nikajua kwamba mpaka mkondo wa pili uchezwe Kampala, tarehe 13 Julai, sitakula nikashiba.

Mwaka wenyewe ni 2019. Kombe la Elgon ni la raga, la Kenya na Uganda peke yao, nyumbani na ugenini, alama zikijumlishwa, na limekuwa likigombewa tangu 2004. Sisi wa magharibi tulizoea kulifuata Nairobi, uwanja wa RFUEA wa barabara ya Ngong, au kulisoma gazetini. Mwaka huo mkondo wetu ukaletwa Mamboleo, Kisumu, tarehe 22 Juni, tukajaa kama waliokwenda harusini. Tulirudi Bungoma hatuna la kusemezana.

Jina la kombe ni la mlima ulioketi mpakani, na hapo ndipo mambo yanaponigusa mimi. Kwetu huo ni mlima Masaba. Upande huu tuko Wabukusu, upande ule wako Wagisu, na wazee wa pande zote mbili wanakwambia babu ni mmoja. Tunatahiri miaka ya shufwa, wao vilevile. Mama alizaliwa karibu na Mbale akaolewa Bungoma, na mjomba ninayemsema ni kitinda mimba wao, amenizidi miaka michache tu, ndiyo maana adabu ninayompa huwa na likizo siku za raga. Ukitaka kujua kama undugu unapunguza makali ya mechi hii, muulize mama. Yeye siku hiyo huzima simu.

Basi Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mechi ya Kampala, tukakodi matatu pale Kanduyi. Humo ndani kulikuwa na walimu, vijana wa bodaboda, muuza vipuri mmoja na wakala wa M-Pesa aliyekuja na daftari. Huyu wakala ndiye aliyetuharibia safari. Kabla hatujafika Malaba alikuwa amesimama kati ya viti, ameshika bomba la juu kwa mkono mmoja, anatufundisha hesabu. Tuna deni la alama tatu, akasema. Trai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni tano, konvasheni, lile teke la baada ya trai, mbili, penalti tatu. Tukishinda kwa tofauti ya penalti moja tutakuwa tumelipa deni tu, mfuko mtupu. Tunataka nne au zaidi.

"Na tukilingana kwa jumla?" akauliza mwalimu mmoja.

Hapo gari likachafuka. Kuna waliosema kombe hubaki kwa aliyekuwa nalo, na Kenya ndiyo iliyokuwa nalo. Kuna waliosema zinahesabiwa trai. Kijana mmoja wa bodaboda akaapa kwamba huongezwa muda, na alipoulizwa amelitoa wapi akasema kwenye kandanda. Hakuna aliyekuwa na kanuni mkononi, na hilo halikumzuia mtu.

Lakini jina lililotajwa kuliko yote ndani ya gari lile halikuwa la Mkenya. Lilikuwa la Philip Wokorach. Huyu Mganda alikuwa amechezea Kabras Sugar, timu ya kwetu, na mimi mwenyewe nimepasua koo nikimshangilia kwenye uwanja wa maonyesho wa Kakamega. Sasa tulikuwa tunaomba mguu wake ukose nguvu. "Kijana tumemnenepesha kwa sukari yetu wenyewe," akasema muuza vipuri kwa uchungu wa kweli, "halafu anakuja kutupigia penalti."

Malaba malori yalikuwa yamejipanga yasiyo na mwisho, kama kawaida ya Malaba. Siku hizi maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na Mkenya huvuka kwa kitambulisho chake tu. Afisa wa Uganda alitazama jezi yangu kabla hajatazama kitambulisho.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kutazama raga, afande."

"Kutazama ama kulia?"

Akanirudishia kitambulisho akicheka. Nje, wabadilishaji pesa wakatuvamia na mafungu yao. Elfu moja ya Kenya ilikupa wakati huo zaidi ya 35,000 za Uganda, na kwa dakika chache kila mmoja wetu alitembea kitajiri mpaka alipouliza bei ya soda.

Tukapita Tororo, Bugiri, Iganga. Jinja tukavuka Nile kwa lile daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, na hata wakala akafunga daftari kidogo akatazama. Najjembe, kwenye msitu wa Mabira, dereva alisimamisha gari na wauzaji wakaja mbio na mishikaki mirefu ya kuku, paja zima limebanwa kwenye kijiti, na ndizi gonja iliyochomwa. Aliyenihudumia aliniuliza kwa Kiswahili cha barabarani tunakwenda wapi na jezi hizo. Nikamwambia tumekuja kuwapiga Cranes. Akanitazama kwa huruma.

"Cranes si walitolewa Misri na Senegal? Mnakuja kumpiga nani?"

Alikuwa anasema timu ya kandanda ya Uganda, inayoitwa Cranes kama ile ya raga, ambayo ilikuwa imetoka kwenye Kombe la Afrika wiki iliyotangulia. Ya kwetu Wakenya haikuvuka hata makundi, kwa hiyo sikuwa na ujasiri wa kuendeleza mazungumzo hayo. Nikalipa gonja.

Wenzangu walitafuta gesti. Mimi nilikwenda Kireka, pembeni mwa Kampala, kwa mjomba, maana kulala gesti wakati nyumba ya mjomba iko ni kesi ambayo mama angeisikiliza mwaka mzima. Aunti alikuwa amepika malewa. Asiyeyajua ni machipukizi ya mwanzi wa mlimani, hukaushwa kwa moshi, yakaja kuchemshwa na kuungwa kwa karanga iliyosagwa mpaka mchuzi ushike kijiko. Aliyaweka mbele yangu yana harufu ya moshi na ya kwa bibi. Mjomba akasubiri nimeze tonge la kwanza ndipo akaanza.

"Mpwa wangu, wewe umesoma. Kisumu nani alishinda?"

"Ninyi, mjomba."

"Kesho, tuseme Mungu amewasaidia, mkashinda. Mtakuwa mmeshinda ngapi?"

"Moja. Lakini ni jumla, mjomba. Alama zinajumlishwa."

"Jumla ni ya dukani," akasema, akamega matoke. "Mechi ni mechi. Moja kwenu, moja kwetu. Hakuna bingwa hapo."

Niliona dawa yake ni wakala wa M-Pesa, sio mimi.

Usiku sikulala. Barabara ya Jinja haiko mbali na pale, malori yanapita usiku kucha, na kila nikifumba macho naona ubao wa Mamboleo. Karibu na saa kumi alfajiri niliona mwanga sebuleni nikainuka. Mjomba alikuwa ameinamia meza ya kulia, fulana ya ndani na suruali, anapiga pasi jezi ya Cranes. Alikuwa ametandika kitambaa cha pamba juu ya nembo ili moto usiiunguze, ananyunyiza maji kwa vidole, anapitisha pasi polepole, anainua kitambaa achungulie kama nembo iko salama, anakirudisha.

Hakushtuka. "Pasi ya asubuhi haigombaniwi na watoto," akasema, kana kwamba nimemuuliza.

Nikaketi. Akaniuliza kama skramu yetu, lile kundi la kusukumana, imepona ule udhaifu wa Kisumu. Nikamwuliza kikosi chao. Tukapitia wachezaji mmoja mmoja, kwa sauti ya chini ili aunti asiamke, na nikagundua kwamba ana hofu kuliko mimi. Uganda ilikuwa na kitu cha kupoteza, sisi tulikwisha kupoteza. Ukiniuliza leo, saa ile ndiyo mechi yangu. Ya uwanjani nimeisahau nusu.

Asubuhi tulikula rolex kibandani, mayai mawili yamekunjwa kwenye chapati, nyanya mbichi ndani, tukashika bodaboda kupita Banda na Nakawa hadi Lugogo. Langoni mwa uwanja wa mechi, Kyadondo, ukaguzi ulikuwa wa kweli, si ule wa kupapaswa mfukoni ukapita. Sababu inajulikana. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakiwa uwanjani hapo wanatazama kwenye skrini fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka, na jingine likalipuka mkahawani Kabalagala usiku huohuo. Walikufa zaidi ya watu 70. Sisi tulifika siku mbili tu baada ya kumbukumbu ya mwaka wa tisa. Mjomba, ambaye utani haumtoki mdomoni, alivua kofia pale kwenye mnara wa ukumbusho, akakaa hivyo kidogo, akaivaa, tukaendelea. Hakusema kitu nami sikuuliza.

Alasiri ilipokaribia Wakenya tulikuwa tumekusanyika kona moja, na wale wa Nairobi wakaanzisha ule wimbo wa Kiluhya wa kumsifu mtoto wa kwanza ambao umekuwa wimbo wa raga yetu popote Kenya inapocheza. Wanauimba kwa nguvu ila maneno wanayachinja vibaya, wengi wao hawajui hata wanasema nini. Mjomba alivumilia ubeti wa kwanza. Wa pili ukamshinda. Akageuka, jezi yake ya Cranes imenyooka kama ya dukani, akaanza kuwasahihisha, kisha akawaongoza. Waganda wenzake nyuma wakapiga mayowe kwamba amenunuliwa. "Wimbo ni wetu," akawajibu, "timu ndiyo yao."

Mechi ilikuwa ya kukabana, ya mabeki na mateke, yenye alama za kubahatisha. Cranes walipata trai moja isiyo na konvasheni, ikawa ndiyo akiba yao yote. Simbas, timu yetu ya Kenya, wakashinda 16-5. Kila tulipopata alama niligeuka nyuma kumtafuta wakala, naye kila mara alikuwa anaandika, ulimi nje. Kipyenga cha mwisho kilipolia hakurukaruka kama sisi, alipiga mstari chini ya safu mbili na kuinua daftari juu kama refa mwenye kadi: 29 kwa 21.

Nje ya lango, kwenye matatu iliyokuwa ikitusubiri tugeuze usiku huohuo, nikawakutanisha. Wakala alianza na adabu zote, akamwita mjomba "mzee", akamwonyesha safu ya Kisumu, safu ya Kampala, akajumlisha upya polepole. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu, akaandika chini yake 1-1, akapiga mistari miwili na kutia sahihi.

"Sasa na wewe tia," akamwambia.

Wakala akakataa. Mjomba akashikilia daftari, akisema hesabu isiyo na sahihi mbili haifai hata benki. Dereva alipiga honi, akapiga tena, akatishia kuwaacha wote wawili, nao walikuwa wangali wanavutana na daftari, tukaondoka Lugogo tumechelewa saa nzima.