Siku yangu kazini Dodoma: boksi lisilo na mwenyewe

Saa 12:30 asubuhi. Mimi ni afisa usalama na afya katika jengo la ofisi hapa Dodoma. Kabla ya chai nazunguka na mlinzi anayekabidhi lindo: ngazi, milango ya dharura, uwanja wa kukusanyikia. Uwanja wetu uko nyuma ya ukuta, juani. Wengi wangependa kivuli cha mwarobaini mbele ya jengo, lakini juu yake kuna madirisha ya vioo, nami hapo siwaruhusu. Nairobi, Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, watu walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kuchungulia. Bomu kubwa lilipolipuka, vioo viliwatoboa macho. Siku hiyohiyo bomu jingine kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam liliua watu 11.

Saa 2:00. Napita mapokezi. Karatasi ya maswali ipo chini ya simu: bomu liko wapi, litalipuka saa ngapi, linafananaje, nani kaliweka, kwa nini. Dada wa mapokezi anajua kwamba mtu akipiga kutisha, hakati simu. Anaandika maneno yake yaleyale, lafudhi, na kinachosikika nyuma, iwe adhana au honi za basi. Mwenzake ndiye anayepiga 112 kwa simu nyingine.

Saa 4:20. Mama anayefanya usafi ananifuata mbio. "Mwanangu, chini ya ngazi kuna boksi. Nilipodeki halikuwepo."

"Umeligusa, mama?"

"Sijaligusa."

Nikalitazama kwa mbali. Boksi la kawaida, kamba ya katani, halina jina, na ubavuni doa la mafuta linazidi kutanuka. Doa la namna hiyo ni mojawapo ya dalili tunazofundisha. Tukauliza ofisi kwa ofisi, mwenyewe hakupatikana. Nikawapigia polisi nikiwa nje, mbali na ngazi.

Kengele ya moto sikuibonyeza. Ikilia, watu hushuka kwa ngazi waliyoizoea, na ngazi hiyo ndiyo yenye boksi. Tuliwatoa kwa mdomo, chumba baada ya chumba, kupitia ngazi ya mashariki, kila mtu na mkoba wake, maana mikoba ikibaki polisi watakuwa na mizigo mingine ya kuishuku. Redio za walinzi zilizimwa karibu na boksi. Mlinzi mmoja alitangulia kukagua uwanja, kwa sababu anayetega bomu anaweza kutega la pili pale watu wanapokimbilia. Bosi mmoja alitaka kwanza amalize kikao. Nikamwambia, "Mheshimiwa, naomba mtoke sasa hivi." Akatoka.

Saa 5:10. Polisi wamezungushia utepe. Naita majina, kisha nafungua daftari la wageni, na hapo ananisogelea mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Manyoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, lile boksi ni langu. Dumu la mafuta ya alizeti. Mgongo uliniuma, nikaliacha nipande juu."

Nikampeleka kwa afande. Pamoja na maelezo yake, wataalamu walilikagua kwanza, na ndivyo inavyotakiwa.

Saa 7:00. Polisi wameturuhusu kurudi. Kijana mmoja akamcheka yule mama kwamba katupotezea asubuhi kwa ajili ya mafuta ya kula. Nilimjibu mbele ya wote: katika jengo hili hakuna anayezijua kona zetu kama mama huyu, na kesho akiona kitu tena namtaka aje mbio vilevile.

Saa 9:30. Naandika ripoti. Linaloniuma ni kwamba wafanya usafi wameajiriwa na mkandarasi, kwa hiyo kwenye mafunzo hawaitwi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, haimlindi mwajiriwa peke yake. Inawagusa na wengine wanaoweza kudhurika na shughuli za kazi. Nimeomba mawili: mizigo ya wageni ipokelewe getini kwa namba, na wafanya usafi waingie kwenye mafunzo ya Alhamisi. Bosi amesaini yote. Tutaanza saa 1:00 asubuhi, kabla hawajashika ndoo, na nimemwomba yule mama awe wa kwanza kuzungumza.