Usiku tisa nyumbani kwa Lola

Simu ya kaka iliingia saa mbili asubuhi, Jumanne ya tarehe 10 Novemba 2009. Huko Kilema, kwetu Kilimanjaro, ilikuwa saa moja jioni, giza limeshaingia. Kaka hakuzunguka. "Mama ametutoka," akasema, kisha akanyamaza ili nilie.

Nilikuwa na miezi minane tangu niolewe na kuhamia Daly City, mji unaopakana na San Francisco kwa upande wa kusini, mji wa ukungu na upepo, ambako kila watu watatu, karibu mmoja ana asili ya Ufilipino. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajatoka. Mwanasheria alituambia wazi kwamba nikivuka mpaka bila kibali cha safari, maombi yangu yatahesabika nimeyaacha mwenyewe. Tukaomba kibali cha dharura. Hadi Alhamisi hakuna jibu, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Basi. Mimi, mtoto wa kike wa pekee wa mama yangu, sikuweza kwenda kumzika.

Tuliishi nyumba moja na Lola, bibi mzaa mama wa mume wangu. Lola ndilo neno la Kitagalogi la bibi, na hatukuwahi kumwita kwa jina jingine. Alizaliwa Lipa, mkoani Batangas, mwaka 1934. Binti yake, mama mkwe wangu, alikuwa muuguzi, mmoja wa wale maelfu ya wauguzi wa Kifilipino waliofika Marekani baada ya sheria ya uhamiaji kubadilishwa mwaka 1965. Alimleta mama yake mwaka 1983 aje kulea wajukuu wakati yeye anakesha wodini. Lola akalea, na kila kitanda cha nyumba ile akakifunga rozari.

Siku niliyofika mara ya kwanza nilimwona mume wangu akiuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Ndivyo wanavyoamkia wakubwa kwao. Nami nikapiga goti kidogo na kusema shikamoo, kwa sababu mwili ulikataa kufanya kingine. Akauliza maana yake, nikamweleza na jibu lake. Tangu siku hiyo nikimwamkia anaitikia "marahaba", halafu anaongeza ya kwao, Mungu akuhurumie. Tulizungumza kwa Kiingereza cha kuungaunga, yeye chake na mimi changu. Siku moja tuligundua kwamba yeye anasema *mesa* nami nasema meza, na akafurahi wiki nzima.

Asubuhi ile ya simu alikuja chumbani na kanga niliyompa begani. Hakuniambia nyamaza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu, na nilipotulia kidogo akaniuliza mambo mawili: mama aliitwa nani, na alipenda kula nini. Nikamtajia jina la ubatizo. Akajishika kifua, dada yake mkubwa alikuwa na jina hilohilo. Chakula nikasema mtori.

"Leo usiku tunaanza," akasema.

Kwao marehemu husaliwa siku tisa mfululizo, wanaita *pasiyam*. Mimi nilijua matanga, najua jumuiya inavyojaa uani watu wakilala kwenye majamvi, lakini matanga yalikuwa kule kwenye mwili, kwenye migomba. Hapa sikuwa na kitu. Nilidhani tutasali wawili, mimi na yeye.

Saa moja jioni kengele ya mlango ikaanza kulia. Wakaja wamama wa parokiani, majirani, wauguzi waliokuwa waingie zamu ya usiku, wakiwa na sinia za tambi na sufuria za wali. Hakuna aliyemjua mama yangu. Wengi hawakunijua hata mimi. Lola alikuwa amesafisha altare yake sebuleni, Mtoto Yesu wa Cebu mwenye joho jekundu na picha ya Mama wa Msaada wa Daima, na katikati ameweka simu yangu, imeegemezwa kwenye glasi, kwa sababu picha pekee niliyokuwa nayo ya mama ilikuwa humo ndani. Kila baada ya dakika chache kioo kilizimika. Kila kilipozimika, Lola alinyoosha kidole na kukigusa, picha ikarudi, bila kukosea punje ya rozari mkononi. Alifanya hivyo rozari nzima.

Fumbo la tatu akaniambia niongoze. Kwa Kiingereza? "Kwa lugha ya mama yako," akasema. "Atasikiaje vizuri?"

Nikaanza. Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Sauti ilikatika kwenye "mzao wa tumbo lako". Sebule nzima ikapokea kwa Kitagalogi, *Santa Maria, Ina ng Diyos*, na ingawa sikuwa nimejifunza maneno yale, nilijua kila neno liko wapi: hapa ni Mama wa Mungu, hapa ni sisi wakosefu, hapa ni saa ya kufa kwetu. Salamu kumi nilizimaliza hivyo, wao wakinipokea.

Alhamisi, ilipokuwa wazi kwamba siendi, nilikasirika. Nilimwambia Lola sala si mazishi. Nilikuwa na haki ya kuuona uso wa mama yangu na kushika udongo. Lola alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

Februari 1945, akasema, alikuwa na miaka kumi na moja. Wajapani walikuwa wanashindwa vita, na kabla ya kuondoka waliua raia wengi sana Batangas, vijiji kwa vijiji, Lipa pia. Wanaume waliitwa wakusanyike. Baba yake alivaa shati safi akaenda. Hakurudi, na mwili haukupatikana mpaka leo. Mama yake aliwakusanya watoto kwenye kibanda cha shambani walikokimbilia, chini ya mibuni, akawasalisha usiku tisa bila mshumaa, maana mwanga ungewafichua. "Sikumzika baba," akasema. "Nilimsalia." Akarudi kwenye mchele wake.

Sikuwa na la kujibu. Nikavuta kiti, nikachambua naye.

Mama alizikwa saa nane mchana wa Jumamosi, nyumbani, kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Kaka alipiga simu akaiweka sauti kubwa, mjomba akaishika karibu na kaburi. Nikasikia kwaya, upepo, padri akisema raha ya milele umpe ee Bwana. Lola alikaa pembeni yangu na koti juu ya gauni la kulalia. Hakuelewa neno, lakini kila penye Amina aliitikia Amen, sawia.

Kisha nikasikia udongo. Mtu aliyewahi kusimama kaburini anaujua mlio ule. Lola naye aliujua. Aliinuka, akanishika kiwiko, tukatokea mlango wa nyuma. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa ya jirani ilionekana kama doa. Penye uzio palikuwa na ndoo aliyopandia mkalamansi, mti wa vindimu vidogo vya kwao, alioutunza miaka mingi kwa kuufunika blanketi siku za baridi. Akachota udongo wa ndoo ile kwa kiganja, akanimiminia kwenye changu. Ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Sasa," akasema.

Kwenye simu walikuwa bado wanatupia. Nikautupia wangu pale chini ya shina, mara tatu, kama kwetu. Lola akatupia wake. Tukasimama mpaka simu ikakatika.

Usiku wa tisa nilipika mtori. Ndizi tulizipata duka la Wafilipino, wanaziita saba, fupi nene. Tulizichagua mbichi kabisa. Lola alizimenya, mimi nikachemsha na nyama, kisha akaniomba mwiko akaziponda mwenyewe, huku akiuliza hivi imetosha, mama yako alipenda mzito au mwepesi? Mzito, nikasema. Akaendelea kuponda.

Sahani ya kwanza aliiweka mwisho wa meza, na kijiko, na glasi ya maji, na kiti kimevutwa nje kidogo. Nyumba ilijaa usiku huo, watu wakala wamesimama, wengine kwenye ngazi. Mtoto wa jirani, wa miaka minne hivi, akapanda kwenye kile kiti. Lola akambeba taratibu, akampakata.

"Hapo pana mtu," akamwambia.