Siyo mbaazi: jinsi tulivyoutambua mti wa nyuma ya jikoni

Nianze na hili, mtu asije akaponzwa na ushauri niliopewa mimi: mti ukijiotea bustanini kwako ukazaa maganda ya kikunde-kunde, usichemshe mbegu zake eti kwa sababu jirani amesema ni mbaazi.

Huu wetu uliota huku Kiboswa, magharibi mwa Kenya, mvua ya masika ilipoanza, mahali tulipojaza udongo wa kusombwa kuziba shimo. Kufumba na kufumbua ulikuwa umenipita kimo. Kila mgeni aliyepita jikoni alikuwa na jina lake. Mmoja akasema mbaazi, tena akaniambia nimwekee za kupika na nazi. Mwingine akasema ni mito, ile mboga yetu. Muuzaji wa duka moja la agroveti, la dawa za kilimo na mifugo, hakuuliza hata majani yakoje. Alinyoosha mkono kwenye rafu akanitolea dawa ya kuua magugu ya shilingi mia kadhaa. Hilo linanikera mpaka leo. Utauaje kitu usichokijua?

Kijana wangu naye akaja na programu ya simu inayotambua mimea. Tukapiga picha asubuhi, tukapiga jioni, tukapiga kwa mbali na kwa karibu, na kila picha ikatoa jina jipya. Sasa najua kwa nini: tulikuwa tunaionyesha majani matupu kwa juu, na mimea ya jamii ya kunde ikiwa haijatoa maua inafanana sana. Jani lipinduliwe, chini ndiko kwenye habari. Letu kwa chini lilikuwa na malaika laini yenye rangi ya fedha. Basi nikauacha mti mpaka ukachanua maua meupe, kisha ukazaa.

Siku ya kikundi chetu cha bustani nikakata tawi zima lenye majani, maua, ganda bichi na ganda kavu, nikaliweka mezani kabla chai haijamiminwa. Ukitaka watu wakusaidie, wape kitu cha kushika.

Wa mbaazi aliangushwa mara moja. Jani la mbaazi lina vijani vitatu, yaani majani madogo kwenye kikonyo kimoja; letu lilikuwa na jozi kwa jozi pande zote mbili za kikonyo. Wa mito vilevile, maana nayo ni vitatu, na ganda lake huvimba, likikauka ukilitikisa mbegu zinalia ndani. Ganda letu lilikuwa bapa, refu, limevaa manyoya ya kahawia kama mahameli. Mtu akataja sesbania, lakini vijani vya sesbania ni vyembamba na vidogo, na ganda lake ni jembamba mno.

Hapo ndipo dani mmoja, yaani bibi kwa Kijaluo, aliyezaliwa karibu na ziwa, akanyoosha mkono: "Nipe jani, nyathina (mwanangu)." Akachuma kijani kimoja, akakishika ncha kwa vidole vya mkono huu na kitako kwa vidole vya mkono wa pili, akavuta taratibu. Hakikukatika kwa kunyooka wala hakikuchanika ovyo. Kilipasuka kwa kufuata mishipa, kipande kimoja kikabaki na pengo lenye umbo la V na kingine na ncha ya kuingia humo humo barabara. Akarudia. Kisha akatugawia vijani kila mtu avute chake, na vyote vikapasuka vile vile! Nilivuta vingi kuliko wote.

"Huu ndio wa kulewesha samaki," akasema. "Majani yanatwangwa, yanatupwa majini, samaki wanaelea."

Ni utupa, kitaalamu Tephrosia vogelii. Sumu yake inaitwa rotenoni, na samaki hawaiwezi kabisa. Uvuvi wa sumu umepigwa marufuku Kenya, na mimi nina shemeji mwenye bwawa la samaki aina ya ngege (tilapia) chini ya shamba letu, kwa hiyo matawi siyatupi tena upande ule hata nikiwa na haraka.

Mwanachama mwingine aliyelima Maseno akakumbuka kwamba miaka ya 1990 watafiti waliwahimiza wakulima wapande utupa na sesbania kwenye mashamba yanayopumzishwa, ili naitrojeni, chakula cha mimea, irudi udongoni. Wengine huku huupanda mpakani kufukuza fuko. Nadhani mbegu yetu ilikuja na ule udongo.

Sikuung'oa. Nimevuna mbegu, nimezitia kwenye mkebe ulioandikwa SUMU kwa herufi kubwa, uko juu kabisa, mbali na maharagwe. Anayetaka za kupanda aje, ila nitamuuliza kwanza maji ya shamba lake yanateremkia kwa nani.