Nimerudi Unguja, na bado naitembea mitaa ya Kobe

Tangu nirudi, watu wananiuliza habari za Japani kana kwamba nimetoka kiwandani: treni za mwendo kasi, roboti, magari. Magari nayajua, maana baada ya masomo nilifanya kazi katika ofisi ya kusafirisha magari yaliyotumika. Lakini Kobe sikuipendea vyuma. Niliipendea mitaa yake ya zamani, na kila nilipopata siku ya mapumziko niliitembea kwa miguu mpaka nikazoeleka. Nataka niwasimulie hiyo mitaa, kwa sababu imenibadilisha ninavyoutazama mji wetu.

Kobe ni mji wa watu kama milioni moja na nusu, umebanwa kati ya milima ya Rokko na bahari. Ukiuliza njia utaambiwa duka liko upande wa mlimani au upande wa baharini, basi, hupotei. Bandari ilifunguliwa kwa wafanyabiashara wa nje mwaka 1868, baada ya Japani kujifungia kwa zaidi ya karne mbili. Wazungu waligawiwa viwanja karibu na maji. Wachina, ambao serikali yao ilikuwa bado haijatiliana mkataba na Japani, waliwekwa magharibi, nje ya mipaka ya viwanja hivyo, na hapo ukazaliwa mtaa wa Nankinmachi. Siku hizi ni vichochoro vya taa nyekundu na mikate ya mvuke yenye nyama ndani. Wageni wanaupenda. Mimi nilikuwa napita tu.

Nilikokuwa na kwangu ni Kitano, mlimani. Viwanja vya chini vilipojaa, wafanyabiashara walipanda huko wakajenga nyumba zao. Inayopigwa picha zaidi ni ya matofali mekundu, yenye jogoo wa chuma juu ya paa anayeonyesha upepo unakotoka. Ilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Gottfried Thomas. Ni nzuri, sikatai, lakini mimi nilivutwa zaidi na kilicho chini yake kidogo: ndani ya mwendo mfupi kwa miguu kuna msikiti, sinagogi, makanisa, na hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, lililojengwa kwa marumaru nyeupe kutoka huko.

Msikiti wa Kobe ni wa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa Japani. Waliouchangia wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, pamoja na Watatari waliokimbia Urusi. Juni 1945 ndege za Marekani ziliuchoma mji. Ipo picha ya zamani inayouonyesha msikiti umesimama na pande zote ni majivu. Tetemeko la 1995 nalo halikuuangusha. Wakati wa Ramadhani tulifuturu pale na Waindonesia, Wapakistani, Waarabu, na Wajapani waliosilimu, na asiye Mwislamu akiingia hakuulizwa kitu, alipewa tende.

Barabara ya msikiti huo inaitwa Mtaa wa Lulu, kwa sababu Kobe ndiko lulu za kufugwa, zinazokuzwa na watu ndani ya chaza, zinakochambuliwa na kuuzwa. Wenye jamaa Oman na Ghuba watasikia uchungu hapa: ni lulu hizihizi, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia, zilizowamaliza wazamiaji wa Ghuba miaka ya 1930. Na Wahindi wa Kobe hawakuuza lulu peke yake, walikuwa mabingwa wa nguo. Katikati ya karne iliyopita kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapishwa Japani. Kwa hiyo nilipokuwa nikipita kwenye ofisi zao za zamani sikujiona niko ugenini sana. Biashara yao ilikuwa imeshafika kabatini kwa bibi yangu kabla mimi sijazaliwa.

Mashariki kuna Nada, kunakotengenezwa pombe ya mchele; sikuwa na shughuli huko. Lakini pale Yamamoto-dori kuna jengo lililokuwa kituo cha wahamiaji, la mwaka 1928. Wajapani maskini waliokwenda Brazil walikaa humo siku chache wakipimwa afya na kufundishwa maneno mawili matatu ya Kireno, kisha wakateremka na mizigo yao hadi bandarini. Meli ya kwanza, Kasato Maru, ilikuwa imeshaondoka Kobe mwaka 1908 na watu 781. Kila nilipohisi kuikosa nyumbani nilikwenda kukaa mbele ya jengo hilo. Wengi wao hawakurudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika arubaini na sita alfajiri, ardhi ilitikisika, na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Kule kwenye viwanja vya zamani vya Wazungu, nyumba namba 15, iliyojengwa karibu mwaka 1881 na kuwahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani, iliporomoka yote. Haikuzolewa kama kifusi. Mbao zilikusanywa, zikakaguliwa, zilizofaa zikarudishwa mahali pake, na chini ya msingi pakawekwa vifaa vya kumeza mtikisiko. Mwaka 1998 ilisimama tena. Niliposikia habari za Beit al-Ajaib yetu, jumba la masultani la 1883 katika Mji Mkongwe, kuporomoka siku ya Krismasi 2020 na kuua watu wawili, nilikwenda moja kwa moja kusimama mbele ya namba 15. Nililia, nikaomba Mungu nasi tuwe na subira ya kukusanya.

Lakini nisiwadanganye kwamba Kobe ilirudisha kila kitu. Nendeni Nagata, magharibi, ambako wageni hawapelekwi. Huko walikaa washona viatu, Wakorea waliokuja enzi za ukoloni wa Japani, na baadaye wakimbizi wa Vietnam. Nyumba za mbao zilibanana, karakana chini, familia juu. Baada ya tetemeko moto ulikula mtaa kwa mtaa. Kanisa Katoliki la Takatori liliungua, na msanifu Shigeru Ban akaja na vijana wa kujitolea wakajenga ukumbi kwa mabomba ya karatasi ngumu. Ulidumu miaka kumi, kisha ukafunguliwa ukapelekwa Taiwan, ambao nao walikuwa wamepigwa na tetemeko mwaka 1999.

Ulipofika wakati wa makazi ya muda, watu waligawiwa kwa bahati nasibu, na wazee na wagonjwa walipewa kipaumbele. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake mzee mmoja alipelekwa huku, jirani yake wa miaka arubaini kule, na wazee wakafa peke yao vyumbani bila mtu kujua kwa siku kadhaa. Wajapani wenyewe walijifunza: baada ya tetemeko la Niigata la 2004 walijitahidi kuwahamisha watu kijiji kizima kwa pamoja. Karibu na kituo cha Shin-Nagata yakapandishwa maghorofa mapya, imara, safi, na chini yake maduka mengi yamefungwa milango. Bibi mmoja mwenye mgahawa mdogo alinikaangia wali na tambi kwenye bamba la chuma, chakula cha huko cha wafanyakazi wa viwandani, akanitilia pweza kwa kuwa alijua sili nyama yake. Aliniambia amepata nyumba isiyovuja, na hajui jina la anayekaa mlango wa pili.

Mimi ni mtoto wa Michenzani. Maghorofa yetu yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na nilikulia humo bila kujiuliza nini kilikuwapo chini yake. Naona Mji Mkongwe una watu wa kuusemea, na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa mji ambako maghorofa hayo yalijengwa na ndiko wengi wetu tulikotoka, kumesemewa kidogo mno.

Kwa hiyo nimeanza kuwafuata wazee, jioni, barazani. Nawauliza mambo madogo: nyumba yenu ilikuwa wapi, kisima kilikuwa upande gani, jirani wa kulia alikuwa nani, na mlipohamia ghorofani yeye alipelekwa wapi. Naandika majina na kuchora ramani kwa mkono, na wao wananisahihisha. Kama mama yako au babu yako anaikumbuka Ng'ambo ya kabla ya maghorofa, niandikie nije. Na mwenye kanga kuukuu ya bibi yake iliyochapishwa Japani, naomba niipige picha, hata kama imechakaa.